Pilau ya Namibia

Mtaani kwetu Malindi, mwanamke akipika pilau ya watu wengi pasipo arusi wala hitima, majirani husema amepika pilau ya Namibia. Vijana wa siku hizi husema hivyo na hawajui wanasema nini. Mmoja aliniuliza kama ni viungo vinavyotoka huko. Nikamwambia kaa nikueleze, akasema ana haraka. Basi nakueleza wewe uliyekaa.

Mimi najua kwa sababu sufuria mbili zilizopikiwa siku ile zilikuwa zangu, na aliyekwenda Namibia ni mwanangu. Nasema mwanangu, na watu wa hapa watanikosoa, maana ni mtoto wa kaka yangu. Mamake alifariki yeye hajaota meno. Kaka yangu alikuwa mpishi katika hoteli ya Wataliani, akitoka alfajiri na kurudi watu wamelala. Mimi nilikuwa nimeachika, mara ya kwanza, nimekaa kwetu sina kazi. Nikamchukua. Akakulia kwenye moshi wa mahamri yangu, na hata alipokuwa mtu mzima ukimnusa kichwani ulisikia iliki. Akaenda jeshini, nikalia siku nzima. Kisha akaja likizo amevaa yale magwanda, nikaona yamempendeza, nikanyamaza.

Mwaka wa themanini na tisa alikuja kuniaga. Nilikuwa nakanda unga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba baba. Mbona unasimama mlangoni kama mdai?"

"Tunapelekwa Namibia."

"Kuna vita huko?"

"Vilikuwako. Vimekwisha."

"Sasa vita vikiisha askari wanakwenda kufanya nini? Kufagia?"

Akacheka, akavuta kibao cha mbuzi ya nazi akakaa, akanieleza. Nchi ile ilikuwa imekaliwa na makaburu miaka na miaka. Wenyewe wakaingia msituni wakapigana nao, mpaka pande zote mbili zikachoka. Ndipo mataifa yakakaa kitako, yakakubaliana kwamba wenye nchi wapige kura wajichagulie serikali yao, na katikati wasimame askari wa nchi za mbali, wasio na ndugu huku wala kule. Wetu walikuwa miongoni mwao. Wangevaa kofia za rangi ya samawati, ili kila mtu awajue kwamba si wa upande wowote.

"Na mkipigwa?"

"Tunaamulia."

"Na wakikataa kuamuliwa?"

"Tunaamulia tena."

Nikamwambia, kumbe unakwenda kuwa mama wa Sabaki! Alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

Nikueleze huyu mama wa Sabaki, maana bila yeye hadithi yangu haina miguu. Wakati ule mtaa mzima ulikuwa na bomba moja la maji, na watu wa upande wa msikitini na watu wa upande wa sokoni walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Kila asubuhi ni matusi na madebe. Niliwahi kuona mwanamke wa heshima zake, amehiji, anampiga mwenzake kwa kata. Walijaribu kumweka mzee wa mtaa asimamie foleni, wakasema ana shemeji upande wa sokoni. Wakamweka mwengine, huyo naye akaonekana kampa maji kwanza mkwewe. Mwisho wakamtazama mama mmoja wa Kigiriama aliyekuwa akija kila siku kutoka Sabaki na beseni la mchicha na mabamia kichwani, kiunoni kavaa hando lake la marinda, mdomoni ugoro. Wakamwambia, wewe huna ndugu hapa, huna shoga, huna adui, hebu kaa hapa kwenye bomba.

Akasema, "Mimi nina mchicha tu."

"Ndiyo maana tunakutaka."

Akakaa. Ujira wake ulikuwa maji ya kunyunyizia mboga zisinyauke. Alikuwa na mwiko wa kusongea sima, mrefu kama mkono wangu, na sijapata kumwona akimpiga mtu nao. Aliuweka mapajani tu. Mtu akitaka kuruka foleni, mama wa Sabaki aliuinua kidogo, kama anayetaka kujikuna mgongo, na yule mtu alirudi nyuma mwenyewe. Vita vya maji vikaisha. Mimi na yeye tukawa marafiki, kwa vile biashara zetu zilipakana, mahamri hapa na mchicha pale. Ndiyo nikamwambia mwanangu kwamba kazi yake naijua vizuri, asiwe na wasiwasi, cha muhimu mwiko ukae mapajani.

Kabla hajaondoka akaniambia jambo la pili, na hili alilisema anatazama chini. Anamtaka binti wa nyumba ya tatu.

Basi, binti wa nyumba ya tatu. Alikuwa anafundisha watoto wadogo madrasa, babake amefariki, analelewa na mamake chini ya ami yake, mdogo wa babake, mwenye duka la misumari na kamba. Binti mzuri, lakini maneno yake yalikuwa machache sana, hata watu wengine wakidhani hana. Akija kwangu kununua mahamri alisema "Shikamoo", akasema anataka mangapi, akafunika kikapu. Tukapeleka posa, ami akakubali, mwanangu akaenda zake Namibia akiwa mchumba wa mtu, na mimi nikanunua betri mpya za redio.

Nilikuwa sisikilizi redio ila taarabu. Tangu siku ile nikawa mtu wa habari. Nilijua Namibia kuna jangwa, nilijua kuna almasi, nilijua mji wao mkubwa, ingawa ulimi wangu haukuwahi kulitamka jina lake likakamilika. Nilikuwa nasoma ngumbaru, ile shule ya jioni ya watu wazima, na mwalimu alipotundika ramani nilimwonyesha Namibia kwa kidole kabla sijaweza kumwonyesha Nairobi. Na yule binti, sasa akija kununua mahamri, aliongeza neno moja katika yale yake.

"Redio imesema nini leo, shangazi?"

Nikimwambia imesema kimya, alifunika kikapu polepole. Nikimwambia imesema kuna fujo kidogo mpakani, alisahau chenji. Nikajaribu kumsoma usoni, nikaona uso tu. Wallahi mimi nimelea, nimeuza, nimeachika, nimeolewa tena, lakini yule binti sikuweza kujua anamtaka mwanangu au anauliza kwa adabu.

Ilipofika karibu na Maulidi, ami yake akaanza kuchemka. Kulikuwa na mtu wa Mombasa, mwenye tanuri ya mikate, amekuja kuuliza kama binti bado yuko. Ami akaja kwa kaka yangu barazani, hakutaka hata kahawa.

"Yakhe, mimi binti wa ndugu yangu siwezi kumweka kabatini kama sahani za wageni. Mwanao anarudi lini?"

"Wakishapiga kura wale."

"Watapiga lini?"

"Redio inasema karibu."

"Karibu ya redio na karibu ya watu si moja. Ama ndoa ifungwe kwa wakili, ama nimjibu yule wa Mombasa."

Ndoa ya wakili kwetu si jambo la ajabu. Mabaharia wameoa hivyo, wafanyakazi wa Arabuni wameoa hivyo. Bwana arusi yuko mbali, baba au ndugu yake anashika mkono badala yake, sheikh anasoma, watu wanakula. Kaka yangu akapeleka habari huko Namibia, na sisi tukakaa tukingoja idhini.

Jibu lilikuja kwa kaseti. Askari mwenzake mwanangu, kijana wa Kibarani kule Kilifi, alirudishwa nyumbani kwa ajili ya mguu, akashuka hapa na gongo lake na kaseti imefungwa kwenye soksi. Wakati ule ukiwa na mtu wa mbali hamkuandikiana sana, mlitumiana sauti. Tukaiweka kwenye redio uani kwangu. Kaka yangu alikuwako, ami alikuwako, kijana wa Kibarani anakula mahamri kana kwamba huko jangwani walikuwa wakila mchanga, na majirani wote walikuja, mmoja kuomba moto, mmoja kutafuta kuku. Binti naye akaja. Alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, na mbuzi kwao nilijua iko, mpya. Akakaa nyuma ya mlango wa jikoni.

Kwanza zilikuja salamu, na salamu za mtu wa jeshi zina mpangilio, hakubakisha hata paka. Kisha akasema kura imepigwa.

Alisema watu walitoka usiku kwa miguu, wakafika kwenye vituo kabla jua halijachomoza, na wakakuta wengine wamelala pale pale. Foleni zilizunguka milima. Hakuna aliyesukumana. Wazee walikalia madebe, wakiyasogeza kila foleni ikisogea. Kijana mmoja alimleta nyanyake kwenye toroli la saruji. Mwanangu akamsaidia kushuka, na kwa kupitia mkalimani akamuuliza kwa nini asingebaki nyumbani na jua lile, akawaachia vijana. Yule bibi akamjibu, nimesemewa na watu umri wangu wote, leo nasema mimi. Akaingia kwenye kile kijumba chake cha siri, akakaa humo muda mrefu mpaka wakadhani ameanguka. Kumbe alikuwa anafaidi.

Hapa nikakumbuka kura zetu za mwaka uliotangulia, ambapo tulipanga mstari mchana kweupe nyuma ya picha za wagombea, kila mtu anaona uko nyuma ya nani. Mimi, nikueleze ukweli, nilisimama kwenye mstari uliokuwa na kivuli. Haya, turudi.

Kaseti ikaendelea. "Baba, ndoa ya wakili nimekubali, kwa sharti moja. Najua kwetu mwari akiulizwa akinyamaza ndiyo amekubali. Mimi kimya sikitaki. Nimesimama hapa miezi kulinda watu waseme wenyewe, sasa nyumbani kwangu nianze na mtu aliyesemewa? Aulizwe, na aseme kwa kinywa chake, asikike. Akisema hapana, mimi nitakunja jamvi langu. Shangazi, hili nakuachia wewe. Wewe ndiye utakayesikia."

Kaseti ikakwaruza, ikaimba kidogo taarabu ya zamani iliyokuwamo, ikanyamaza. Nikatazama nyuma ya mlango wa jikoni. Binti alikuwa ameshaondoka, na mbuzi ameiacha.

Ami akasema, "Jeshini wamempiga jua huyu." Lakini akakubali, maana sharia nayo iko upande wa kuuliza.

Arusi ikawekwa. Siku hiyo ilikuwa na furaha hata kabla haijaanza. Wanawake wa bomba, wa upande wa msikitini na wa upande wa sokoni, walimenya vitunguu pamoja na kulia pamoja. Kaka yangu aliomba ruhusa hotelini akaja kupika mwenyewe, akituamrisha sote kama Wataliani. Mama wa Sabaki alileta mabamia ambayo hakuna aliyeyaomba, akasema arusi bila mboga ni njaa. Chumbani binti alikaa kitandani, mikono ina hina, kafunikwa leso tangu kichwani, na kando yake nyanyake mzaa babake. Nyanya huyu alikuwa na umri wa kutosha kusahau umri, masikio yake yamefunga kabisa, lakini alikuwa bado ndiye mwenye kigelegele kikali kuliko wote Malindi. Kwa kigelegele chake watu wa Mambrui wangeweza kujua kuna arusi.

Mimi nilikaa mbele ya binti, magoti yanagusana. Ndugu yangu, nilikuwa nimemlea yule mtoto kwa mikono hii, na sasa furaha yake yote ilikuwa ndani ya kinywa cha msichana asiyesema.

Baada ya sala ya alasiri wakaja sheikh, ami na mashahidi wawili, wakasimama nje ya pazia. Ami akakohoa.

"Mwanangu, fulani bin fulani amekuposa, mahari umeyajua, wakili wake ni babake. Umekubali nikuoze?"

Nikaona leso inatikisika. Nikaona kidevu kinainuka. Kinywa kikafunguka, nikainama ili nisikie, na wakati ule ule yule nyanya, ambaye alikuwa hasikii bali anatazama midomo tu, aliona mdomo wa mjukuu wake umefunguka, na hapo hakungoja. Akapasua kigelegele.

Unajua vigelegele. Kimoja hakikai peke yake. Cha nyanya kiliitikiwa na wa chumbani, cha chumbani kikaitikiwa na wa uani, cha uani kikaitikiwa na wa barabarani waliokuwa hawajui hata arusi ni ya nani. Neno la binti likazama humo. Nilimwona akisema, lakini sikusikia alichosema. Na nje ya pazia wanaume wanne wakasikia vigelegele, wakaambiana "Alhamdulillahi", wakageuka kwenda msikitini kufunga ndoa.

Nikabaki pale. Na hapa nakwambia yaliyonipitia, hata kama hayapendezi. Nilifikiri, nyamaza. Ndoa inafungwa, mwanangu anapata mke, pilau ipo, watu wanacheka, nani atajua? Vigelegele vimejibu. Kisha nikamtazama binti, naye ameivuta leso nyuma, macho makavu, ananitazama mimi. Si nyanyake, si mamake. Mimi. Alikuwa ameisikia kaseti ile. Alijua nani aliachiwa kazi ya kusikia.

Nikatoka mbio. Nilikuwa mnene wakati ule kuliko sasa, na mikono yangu bado ina unga wa mahamri ya arusi mpaka kwenye viwiko. Nilipita uani, nikapita kwenye bomba, watu wakanipisha wakidhani nyumba inaungua. Msikitini mwanamke haingii hivi hivi katikati ya wanaume, kwa hiyo nilisimama kwenye viatu, nikiwa nimekanyaga makubadhi ya nani sijui, nikapiga kelele.

"Kaka! Hajasema!"

Kaka yangu alikuwa ameshanyoosha mkono, ami ameshaushika. Sheikh akageuza shingo.

"Nani hajasema?"

"Binti! Vimesema vigelegele!"

Nasikia sheikh alitazama chini muda, mabega yanatikisika, na watu wakadhani amekasirika. Kisha akasema, "Mkono uachiliwe. Vigelegele haviolewi."

Ami akatoka amevimba. "Dada, unatufanya mchezo. Tangu lini mwari akapiga kelele?"

"Hakuna anayetaka kelele. Neno moja tu, lisikike."

"Na lile lililofunikwa na vigelegele si ndilo?"

"Umelisikia wewe?"

Alikuwa hakulisikia.

Tukarudi sote. Sasa kazi ikawa ni nyanya. Kumweleza asipige kigelegele ilikuwa sawa na kumweleza bomba lisitoe maji, kila tukimwinamia sikioni alifikiri tunamhimiza, akajilamba midomo. Nikaona hapa hapahitaji ndugu. Nikaenda uani nikamwita mama wa Sabaki.

"Shoga, njoo usimamie foleni."

"Foleni ya nini?"

"Ya maneno. Mtu mmoja tu ndiye azungumze, na ni yule mwenye hina."

Akafuta mikono kwenye leso, akachukua mwiko wake, akaingia chumbani na lile hando lake, akakaa kitandani katikati ya nyanya na binti, mwiko mapajani. Nyanya akamtazama. Akautazama mwiko. Midomo yake ikajaribu, mwiko ukainuka kidogo, mama wa Sabaki akajikuna mgongo. Midomo ikafungika. Wanawake wengine wote wakaziba vinywa kwa ncha za leso, macho yamewatoka.

Ami akauliza mara ya pili.

Binti akasema. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia, sauti ya mtu aliyezoea watoto arobaini wanaosoma kwa pamoja.

"Namtaka. Tena namtaka sana."

Lo! Wanawake wakafoka kwa chinichini kama sufuria inayotaka kufurika. Mwiko ukainuka. Kukatulia, na hapo tukajua kwamba binti hajamaliza.

"Lakini ami, mmeniuliza kama namtaka. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kuolewa leo. Leo sitaki. Yeye kasema wale watu wamesimama wenyewe juani, hakuna aliyemtuma mwenzake ampigie. Sasa mimi nijisemee, na yeye atume wakili? Na yeye aje asimame mwenyewe. Nitamngoja."

"Na yule wa Mombasa?" ami akauliza, sauti imempungua.

"Mwambieni aoke mikate."

Hapo mama wa Sabaki mwenyewe ndiye aliyevunja amani. Aliangua kicheko, mwiko ukaanguka sakafuni, na nyanya alipoona mwiko umeanguka akajua foleni imefunguliwa, akaachia kigelegele alichokuwa amekishikilia muda wote ule. Nyumba ikalipuka. Nje ya pazia nikasikia sheikh anacheka waziwazi na kusema, "Amejibu, na jibu limesikika. Hakuna ndoa leo."

Kwa ami ilikuwa aibu, masikini, nami nilimwonea huruma. Alisimama uani anatazama sufuria zinazofuka moshi. "Watu nimewaita arusini. Hii pilau niwaambie ni ya nini?"

Kaka yangu, aliyekuwa amechoka kukoroga tangu alfajiri na hakuwa tayari kuona kazi yake ikimwagwa, akafunua sufuria moja, akanusa, akasema, "Waambie Namibia wamepiga kura. Mwanangu alikuwako. Wale."

Wakala. Tukaandika jambo jipya Malindi, karamu ya kura za watu wengine. Masinia yalitoka, watu wa upande wa msikitini na wa sokoni wakakaa sinia moja, na kila aliyeuliza imekuwaje ndoa haikufungwa alijibiwa kwamba Namibia wamejichagulia, na akaona ni jibu zuri kwa sababu nyama ilikuwa nyingi. Ami alikula mwisho. Alirudia mara mbili. Mabamia hayakubaki.

Kwa mwanangu tulirudisha kaseti ile ile. Tulirekodi pale pale uani, na humo mna kijiko kinachogonga sinia, mna mimi nikieleza mambo yote kwa kuruka ruka, mna nyanya. Mwishoni binti alichukua redio akaiweka mapajani, akasema maneno aliyoyasema mwenyewe, na sikuyasikiliza, nilikwenda kuosha sufuria.

Baadaye mwanangu alinisimulia kwamba aliisikiliza hemani, na askari wa Malesia wa kambi ya jirani, ambao ni Waislamu na kwao nako mwari hunyamaza, walikuja kutafsiriwa, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikamuuliza, na wewe ulipojua hujaoa ulifanyaje? Akasema alifurahi mpaka akaomba zamu ya ulinzi isiyokuwa yake.

Namibia wakapandisha bendera yao mwaka uliofuata, nikaisikia kwenye redio nikipika futari ya mtu mmoja. La, si Ramadhani bado, ni mazoea yangu tu ya kupika viazi vitamu kwa nazi. Baada ya Idi askari wetu walirudi. Mwanangu hakuja kwangu kwanza. Alishuka na begi lake, mweusi kama chungu, kofia yake ya samawati kichwani, akapita mlango wangu akasema "Shikamoo shangazi, narudi," akaenda moja kwa moja nyumba ya tatu, akabisha hodi. Jua la saa nne, tayari linachoma.

Binti akachungulia dirishani.

"Nimekuja mwenyewe," akasema mwanangu.

"Nimekuona. Wale walisimama tangu lini?"

"Tangu kabla ya alfajiri."

"Na wewe?"

"Sasa hivi."

"Basi simama."

Akafunga dirisha. Mtaa mzima ukatoka nje. Mwanangu akaweka begi chini, akasimama mbele ya mlango, foleni ya mtu mmoja, jasho linamtiririka chini ya ile kofia. Wanawake wa bomba wakamletea maji, wakamletea debe akalie kama wale wazee wa kule, akakataa kukaa. Nyanya alikuwa barazani anamtazama na midomo yake tayari. Mama wa Sabaki alifika na beseni lake, akaangalia mlango, akaangalia mtu, akatua mboga chini kivulini na kukaa kando yake na mwiko mapajani.

"Usiruke," akamwambia.

"Nimruke nani, mama? Niko peke yangu."

"Hata hivyo."

Alisimama mpaka mwadhini alipoadhini adhuhuri. Ndipo tukasikia komeo linavutwa ndani, na mlango ukafunguka wenyewe kidogo, na sauti ile nzito ya kufundishia watoto ikasema neno moja.

"Ingia."

Mama wa Sabaki akamgeukia nyanya, akamshika bega, akamfanyia ishara ya kinywa kwa mkono wote. Sasa piga.